Rula Juu ya Kioo

4 Oktoba

Kwako Bwana Waya, mdogo wangu,

Salamu zitafuata, kwanza nikugombeze. Ukinipigia simu unaongea mbio kama unafukuzwa, mimi naitikia ndiyo, ndiyo, na ukishakata sijui nimekubali nini. Ndiyo maana naandika. Karatasi haina haraka. Maelekezo yako nitayasoma kwa kidole, neno kwa neno, hata mara kumi. Nawe nijibu kwa karatasi. Gari la vifurushi linapita hapa mara mbili kwa wiki.

Tableti uliyoniletea mwezi wa nane naipenda. Nalisema hilo mapema usije ukadhani nalalamika bure. Asubuhi naipachika kwenye stendi yake pale karakana ya viatu ya hospitali, picha inahamia kwenye skrini kubwa, na kila kitu kinakaa sawa. Naita mchoro wa mguu wa mtu uliohifadhiwa humo, nabonyeza Saizi Halisi, nabandika karatasi nyembamba juu ya skrini, nafuatisha unyayo kwa penseli laini, kisha nakata soli. Wenzangu wananicheka. Wao wanasubiri printa, na printa ilikufa mwezi wa tatu, imebaki kuzikwa tu. Mimi sisubiri maiti.

Taabu inaanza nikiichomoa. Unajua baadhi ya watu wangu hawawezi kuja karakanani. Nawafuata wodini na majumbani, tableti kwapani. Basi nikiichomoa tu kwenye stendi, maandishi yote yanasinyaa. Vile vitufe vya pembeni vinakuwa kama sisimizi, nataka kugonga kimoja nagonga vitatu. Na siku nikiiwasha nyumbani halafu nikaja kuipachika, vitufe vinavimba na kuwa na ukungu, kama mtu kaviloweka kwenye maji. Naizima, naiwasha, kesho yale yale. Nifanye nini?

Na usiniambie habari ya kupima. Amri yako naikumbuka: "Dada, rula ya chuma marufuku juu ya kioo, umeshaharibu simu mbili. Saizi Halisi ni saizi halisi, huna haja ya kupima." Nimetii. Rula imelala kwenye droo tangu siku hiyo, mara ya kwanza kwa miaka ishirini na sita.

Kuna jingine, na sitaki kulificha. Jozi mbili zimerudi kwa kubana. Za kwangu! Mkuu mpya wa karakana, huyu tunayemwita Bwana Ratiba, alizigeuza geuza mbele ya watu, akaniuliza kama naona vizuri. Aliniuliza kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma.

Ndani ya kifurushi mna viatu vyako vipya. Soli nilizifuatisha nyumbani Jumapili mchana, nimekaa kitandani na tableti mapajani, nikashona kwa mkono wangu mwenyewe. Cha kushoto nimekiinua sentimita mbili na nusu kama kawaida, usije ukachechemea mbele ya watu ukaniaibisha. Vivae, kisha niambie ukweli. Mguu wako ndio wa kwanza niliouvisha kiatu maishani, na hujawahi kunificha kitu.

Dada yako,
wa meza ya dirishani


4 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Barua hii nimeisokomeza ndani ya kiatu cha kulia ili Mama asiione. Nisamehe kwa mahali penyewe.

Nina wasiwasi na macho yake. Anaishika tableti karibu na pua kana kwamba anainusa. Kila siku wimbo ni mmoja: maandishi madogo, maandishi madogo. Na sasa viatu vinarudi. Mjomba, tangu nimezaliwa sijawahi kuona kiatu cha Mama kikirudi. Nikimtajia macho ananiuliza kama nimekuwa daktari, na mimi ni mwalimu wa hesabu tu.

Akiondolewa kwenye ile meza yake ya dirishani kule karakanani atanyauka. Tafadhali mfanyie maandishi yawe makubwa, lakini usitaje macho. Wala usimwambie kwamba nimekuandikia, maana nyumba hii ina vyumba viwili tu na sina pa kujificha.

Mpwa wako


11 Oktoba

Dada, shikamoo,

Nimegombezwa na nimekubali kosa. Barua yako nimeisoma nikiwa chini ya meza ya mtu, maana huko ndiko ninakofanyia kazi siku hizi, katikati ya nyaya na miguu ya wafanyakazi. Sura zao nazisahau, lakini nikiona soli najua ni nani. Naona ni ugonjwa wa ukoo.

Viatu vimefika. Vimenikaa kama nilizaliwa navyo. Jumatatu nilivivaa ofisini na katibu akausifia mshono.

Sasa tableti. Usiogope, haijaharibika. Skrini zako mbili hazifanani: ile kubwa imeundwa kwa nukta kubwa, na kioo cha tableti kina nukta ndogo zilizosongamana. Kitu kile kile kikihamia kwenye nukta ndogo, kinasinyaa. Kwa hiyo kila skrini imepewa kipimo chake cha kukuza. Cha tableti yako nilikiweka asilimia mia mbili. Fanya hivi ikiwa umeichomoa: fungua Mipangilio, ingia Skrini, tafuta Ukubwa, kisha gonga mia mbili ishirini na tano. Basi. Sisimizi wako watanenepa, na hutahitaji kuinamia kioo.

Rula ibaki drooni. Kioo kile kikipasuka, mbadala wake sijui utatoka wapi.

Mdogo wako,
Bwana Waya


11 Oktoba

Mpwa wangu,

Barua yako nimeikuta ndani ya kiatu. Kwa bahati mbaya nimekikuta na kiatu chenyewe. Kinabana, mpwa wangu. Vidole vimekunjamana humo ndani kama vimeambiwa vijifiche. Miaka yote hii mama yako ananishonea, hajakosea hata unene wa uzi. Nilikaa nacho mkononi, na nasema kweli, machozi yalinitoka.

Nimemwandikia kwamba vimenikaa vizuri. Ningemwambia nini? Jozi mbili zimeshamrudia, ya tatu itoke kwa ndugu yake? Nitavivaa. Ngozi huwa inalegea.

Nimemwelekeza jinsi ya kukuza maandishi, na nimempa maelezo ya kitaalamu ili asishtuke. Maelezo yenyewe ni ya kweli, ila sikuyatoa kwa sababu hiyo. Wewe mtafutie miwani. Mwambie ni zawadi.

Mjomba wako


21 Oktoba

Bwana Waya,

Sisimizi wamenenepa, ahsante. Vitufe navigonga bila kukosea. Nilifurahi kwa siku nne kamili.

Siku ya tano dereva mstaafu aliyelazwa wodi ya wanaume akarudisha viatu. Safari hii havibani. Vinapwaya! Alipiga hatua tatu, ya nne akaenda yeye na kiatu kikabaki nyuma. Wodi nzima ilicheka. Yeye mwenyewe alicheka, mimi nikacheka nao, halafu nikaenda chooni nikalia.

Lakini ngoja nikwambie kinachonikera mpaka sasa. Nilipokuwa nafuatisha unyayo wa yule mzee, pale pale kando ya kitanda chake, mkono wangu ulikataa. Ulisema huu ni mkubwa, mzee huyu hana mguu huu. Nami mguu wake niliushika viganjani siku mbili kabla. Ningemwamini nani kama si mkono? Nikajiambia, wewe mama, macho yako siku hizi hayaaminiki, watu wote wanasema, acha mashine ikuongoze. Nikakata. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuubishia mkono wangu, na siku niliyoubishia ndiyo hiyo.

Bwana Ratiba kaniita mbele ya wenzangu wote. Amesema nimebakiwa na jozi moja. Ni ya binti wa dobi wa hospitali, mtoto wa miaka sita tunayemwita Malkia, kwa sababu anakaa kwenye kiti chake kule chumba cha kufulia na kuamrisha watu wazima. Mguu wake wa kulia ni mfupi kwa sentimita tatu. Tarehe kumi na saba mwezi ujao daktari anataka kumwona akisimama bila magongo. Viatu vikimkaa, nabaki. Visipomkaa, nahamia stoo kugawa nyuzi na gundi, na meza ya dirishani anapewa mwingine. Aliponiuliza kama nimekubali, nilijibu kwa sauti mpaka mshonaji wa mwisho akasikia. Kwa hiyo sina pa kurudi nyuma, na wala sirudi.

Binti yangu kaninunulia miwani. "Zawadi tu, Mama." Nimeivaa. Vumbi la mezani naliona vizuri, soli naiona vile vile.

Niambie kama kuna kitufe nimekosea. Na viatu vyako bado vinakukaa? Nijibu hilo kwanza. Nahitaji kusikia habari za jozi moja iliyofaulu.

Dada yako,
wa meza ya dirishani


27 Oktoba

Dada, shikamoo,

Umetaka jibu hilo liwe la kwanza: viatu vinanikaa vizuri. Navivaa karibu kila siku.

Kitufe hujakosea. Umefanya vile vile nilivyokueleza.

Sasa niruhusu niseme neno kama mdogo wako, usinikaripie kabla sijamaliza. Stoo si aibu. Umewasimamisha watu wangapi kwa miguu yao? Mimi mwenyewe nilianza kukimbia kwa kiatu chako, na waliokuwa wananiita Kigongo kwa sababu ya gongo langu wakatafuta wa kumcheka mwingine. Hakuna atakayekufutia hayo ukikaa stoo. Mashine ikiharibika nabadilisha kipande, lakini macho hayana spea. Kwa nini uisubiri hiyo tarehe kumi na saba ikufedheheshe mbele ya watu, wakati unaweza kuondoka mwenyewe kwa heshima zako? Njoo ukae kwangu wiki mbili. Upumzike. Kiti cha barazani ni chako.

Nakuomba ulifikirie.

Mdogo wako,
Bwana Waya


3 Novemba

Wewe,

Vua viatu. Kama unaposoma hapa umevivaa, vivue kwanza, ndipo uendelee.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliumia. Mara ya pili nilikasirika. Mara ya tatu nilivua aproni, nikatoka hadi kliniki ya macho, korido ya pili kutoka kwetu, nikakaa kwenye foleni na wagonjwa. Nimesoma herufi za ukutani mpaka mstari wa pili kutoka chini. Za karibu nimezisoma zote. Mpimaji kaniambia kwa umri wangu napaswa kupongezwa, na kwamba ile miwani ya zawadi haina nguvu yoyote, ni vioo vitupu.

Nikarudi mezani nikajiuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza. Kama macho yangu ni mazima, nani anadanganya?

Nikafungua daftari langu la kazi. Unajua tabia yangu, kila jozi naandika nimeifuatishia wapi. Tangu mwezi wa nane, jozi kumi na moja nimezifuatisha kwenye skrini kubwa, na hakuna hata moja iliyorudi. Tatu ndizo zilizorudi, na zote tatu nilizifuatisha kwenye tableti ikiwa nje ya stendi. Hebu nieleze, fundi wa mashine: ni macho gani haya yanayoona karakanani na kupofuka wodini?

Nikafungua droo. Ndiyo, nimevunja amri yako, na ningeivunja tena. Nikachora kwenye programu mstari wa sentimita kumi, nikabonyeza Saizi Halisi, nikalaza rula ya chuma juu ya skrini kubwa. Kumi kamili. Nikaichomoa tableti bila kufunga chochote, kama ninavyofanya kila siku, nikabonyeza Saizi Halisi tena, nikailaza rula juu ya kioo. Kumi nukta sita. Nikairudisha ile mia mbili yako ya zamani. Tisa nukta nne.

Nilikaa chini. Mashine imeandika "Saizi Halisi" bila haya, huku inadanganya mchana kweupe. Na wale sisimizi ndio waliokuwa wananiambia tangu siku ya kwanza kwamba kuna kitu kimekwenda kombo. Nililalamika kwa kila mtu, na kila mtu akayatazama macho yangu. Hakuna aliyeitazama tableti.

Sasa tuje kwenye viatu vyako. Nilivifuatisha kitandani, tableti ikiwa imechomolewa, ikiwa kwenye mia mbili. Mguu wako wa kulia ni sentimita ishirini na tano. Piga hesabu mwenyewe. Nimekukatia soli ya ishirini na tatu na nusu. Haiwezekani ikukae, hata kwa dawa. Nawe umeniandikia mara mbili kwamba imekukaa, tena mara ya pili nilikuomba nikiwa chini kabisa.

Mguu wako naujua nikiwa nimefumba macho. Ungeniambia tarehe kumi na moja kwamba vinabana, ningejua siku ile ile kwamba kosa haliko mkononi. Ningeitoa rula. Yule mzee asingechekwa na wodi, na mimi nisingelia chooni kama mwanafunzi. Umenionea huruma, na huruma yako nusura initoe mezani kwangu.

Nimeumia. Naliandika wazi usije ukatafuta maana nyingine. Zimebaki siku kumi na nne, na sina nia ya kwenda kukaa barazani kwako. Nieleze kwa nini mashine inafanya hivi na inatibiwaje. Nijibu kwa ukweli au usinijibu kabisa.

Dada yako,
wa meza ya dirishani. Bado.


6 Novemba

Dada, shikamoo,

Nimevua. Kucha ya kidole gumba cha kulia imekuwa nyeusi, na kidole kidogo kina sugu mpya. Vilinibana tangu dakika ya kwanza. Nilivivaa kila siku nikisubiri ngozi ilegee, na haikulegea, kwa sababu ulishona vizuri mno.

Kosa ni langu, na nitakueleza lote. Programu ile husoma kipimo cha skrini mara moja tu, pale unapoifungua. Ukiifungua kwenye stendi, inashika kipimo cha skrini kubwa. Ukiichomoa bila kuifunga, inatoka nje na kipimo kile kile kichwani, na tableti inajaribu kuivuta ili itoshee kioo chake kwa kukadiria. Hapo ndipo zinapopatikana hizo tisa nukta nne. Niliposema ukuze hadi mia mbili ishirini na tano, nilikuza maandishi na mchoro pamoja. Kwa hiyo kiatu cha yule dereva nilikipwayisha mimi, kwa maelekezo ya mkono wangu, nikiwa nimekaa chini ya meza ya watu nikijiona bingwa.

Hii ndiyo kazi yangu, Dada. Mteja mwingine yeyote angeniambia vitufe vinasinyaa akichomoa, ningeikagua mashine. Uliposema wewe, nikakukagua wewe. Nilipokuja mwezi wa nane niliijaribu ikiwa kwenye stendi tu, nikala, nikaondoka. Halafu nikakukataza kitu pekee ambacho kingeniumbua. Naona aibu sana.

Kuna mtu mwingine naye alikuwa na wasiwasi juu ya macho yako. Simtaji. Ila ndiye aliyenunua vioo vitupu.

Tiba ni hii. Rudisha mia mbili. Kabla ya kuichomoa, ifunge programu. Chomoa. Toka kwenye akaunti yako, ingia upya, ndipo uifungue programu. Na ukirudi kwenye stendi, fanya hivyo hivyo. Nimeijaribu hapa kwa tableti ya ofisi mara ishirini, naichomoa na kuipachika mpaka katibu akaniuliza kama ni mzima. Mara zote ishirini ni kumi kamili. Nimepima kwa rula. Nimenunua ya chuma.

Naifuta ile amri. Pia niruhusu nimwandikie Bwana Ratiba, nijibebeshe lawama zote, akuache na meza yako.

Sitakuficha tena.

Mdogo wako


18 Novemba

Bwana Waya wangu,

Ulipoomba kumwandikia Bwana Ratiba sikukujibu, na nilifanya makusudi. Sikutaka niachiwe meza kwa barua ya mdogo wangu. Nilitaka kuibakiza kwa kiatu.

Tiba yako inafanya kazi. Nilifunga, nikachomoa, nikatoka, nikaingia, nikalaza rula: kumi kamili. Lakini nikajisemea, mashine iliyonidanganya miezi miwili nikiitazama usoni, mimi siiachii peke yake tena. Nikamwendea fundi wa madirisha ya hospitali, nikaazima kile kikatio chake cha vioo. Nikakwaruza alama mbili kwenye ukingo wa chini wa tableti yako, moja huku, moja kule, na kati yake sentimita kumi za rula yangu. Ilitoa mlio mbaya, wote wakageuka. Zawadi yako nimeichana usoni kwa hiari yangu. Sasa kila nikiichomoa nauleta mstari wa kumi kwenye alama zangu. Ukikaa kati yake, nakata. Usipokaa, nafunga na kuanza upya.

Malkia ningeweza kumfuatishia kwenye skrini kubwa, kulikokuwa salama. Mshonaji mwenzangu alinisihi. Nikakataa. Nilitaka nishinde pale pale nilipoangushwa. Nikachukua tableti kwapani, nikamwomba Bwana Ratiba anifuate, tukaenda chumba cha kufulia. Nikaiweka tableti juu ya meza ya kupigia pasi, nikamwonyesha rula na alama, nikamwonyesha tisa nukta nne kwa njia ya zamani na kumi kwa njia mpya. Alitoa kalamu akaandika, kisha akaishika rula mwenyewe akapima tena, maana na yeye ni mtu wa kupima. Nikafuatisha unyayo mbele yake. Na safari hii mkono ulikubali. Nilipousikia umekubali nilitaka kupiga kelele, nikajizuia kwa sababu ya mtoto.

Jana alisimama. Alimpa daktari magongo akamwambia, "Shika." Akaenda hatua sita hadi dirishani, akageuka, akarudi hatua sita, akakaa. Mama yake alijifuta uso kwa shuka la wodi ambalo alikuwa ametoka kulipiga pasi. Sote tukasubiri Malkia aseme kitu. Akavitazama viatu akasema, "Nilitaka vyekundu." Nimemwahidi rangi.

Bwana Ratiba aliinama, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, cha kulia, kisha cha kushoto. Akaondoka. Nikadhani yameishia hapo. Leo asubuhi nimefika karakanani nikakuta tableti mbili za kwake juu ya meza yangu, na juu ya tableti kuna kile kikatio cha vioo. Nimezichana zote mbili kabla ya chai.

Binti yangu ananichemshia chai na kuniletea kitandani siku ya tano leo, bila kuombwa. Sijamwuliza chochote. Nimeivaa tu miwani yake ninapokunywa, na yeye anatazama pembeni. Nitamsamehe nikishaichoka hiyo chai.

Wewe nimekusamehe, lakini si bure. Viatu vyako vipya havimo kwenye kifurushi hiki. Kuna karatasi kubwa mbili. Simama juu yake miguu mitupu, uifuatishe mwenyewe, kucha nyeusi na yote, unirudishie. Vile vya zamani vitume pia, nataka kuvitundika juu ya meza nivione. Nikishakutumia vipya, vivae siku nzima kabla ya kuniandikia. Vikikubana, andika vinabana. Nina rula, nitajua.

Dada yako,
wa meza ya dirishani